Baba Alivyotaka Kila Mtu Akae Kwao

Jamani, leo baba yangu nusura ajifukuze nyumbani kwa siasa zake mwenyewe!

Majirani walikuja kubishana. Tanganyika ijitoe kwenye huo umoja ambamo Mwingereza ametufunga pamoja na Kenya na Uganda, au ibaki?

Baba akasimama, kidole juu. "Tujitoe! Kila mtu akae kwao!"

Mama alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa.
"Baba Koleta," (Koleta ndiye mimi) "na hapa ni kwao nani?"

Kidole cha baba kikashuka.

Si mnatujua Waluguru? Nyumba, shamba, hadi migomba, vyote vya ukoo wa mama. Baba alikuja na jembe tu.

Akaketi taratibu.
"Lakini umoja mwingine mtamu, bwana."

Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika. Baba ndiye aliyeyaokota.

Haya, kwenu nani angefunga mizigo?