Waanzilishi Wawili

"Wewe hukuanzisha kitu! Ulikuja ngoma zishanunuliwa!"

"Na sare alizishona nani? Mamako?"

Binamu yangu na rafiki yake waligombana jikoni kwetu, mtaani Handsworth, wakiandika historia ya kikundi chao kinachohudumia bendi ya chuo. Wao hubeba ngoma na kung'arisha tarumbeta. Nilikuwa nao tangu siku ya kwanza, kabla sijaacha chuo nimuuguze mama.

Nilisimama kwenye sinki nikingoja nitajwe. Wakapatana: waanzilishi ni wawili. Kwa wivu nikaosha kikombe kimoja mara tatu.

Msomaji, ukitaka kuingia kwenye historia, usitoke kabla haijaandikwa.

Mlangoni binamu aligeuka. "Jumamosi uje basi, sis. Tunataka mtu wa kutupiga picha sisi waanzilishi."