Saa Kumi Isiyo na Jua

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Tunduma, na kazi hii imenifundisha kutoamini kitu kwa kukitazama mara moja. Lori likiandikiwa mchele, mimi nafungua gunia. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu ya video kutoka kaskazini kabisa ya Ulaya, anakofanya usafi hotelini, jicho langu lilikwenda moja kwa moja nyuma ya mgongo wake.

Kwetu jua lilikuwa bado linawaka juu ya mabati. Kwake giza totoro, na angani mapazia ya mwanga wa kijani yakichezacheza.

"Huko saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, kaka."

"Mbona giza?"

"Jua halijachomoza wiki ya tatu sasa."

Nikacheka kwa hasira. Saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza. Sasa yeye hiyo saa kumi aliianzia wapi? Na kijani kile nakifahamu, kimejaa kwenye kumbi za disko hapa mjini.

Ningeyapuuza, ila alikuwa anaomba nisaini barua ya mlezi ili binti yake, niliyemlea miaka minne, amfuate. Nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nikamwambia dada asubiri. Akatuma picha, nikazikuza mpaka zikawa ukungu, nikitafuta waya wa taa. Barua ikalala kwenye droo wiki mbili.

Nilipokwenda Vwawa kwa shughuli za ofisi, nilimtafuta mwalimu wa fizikia nikamwekea simu mezani. Hakushangaa hata kidogo. Alisema jua hutema chembe zenye chaji, na dunia, kwa kuwa yenyewe ni sumaku kubwa, haiziachi zitue popote zinapotaka.

"Ni kama malori yako," alisema. "Nchi ni pana, lakini yanafuata barabara mpaka getini. Sumaku inazielekeza chembe kwenye ncha za dunia. Zikigonga oksijeni huko juu, inatoa mwanga wa kijani, na juu zaidi mwekundu."

"Na giza la saa kumi?"

"Dunia imeinama. Miezi hii ncha ya kaskazini imelipa jua kisogo."

Nilimbana kwa maswali hadi akaanza kutazama mlango. Kila alichosema kilikubaliana na picha, hata ule wekundu hafifu juu ya kijani, ambao mimi nilikuwa nimeushika kuwa ushahidi wa taa.

Nikasaini siku hiyohiyo. Nikampigia dada, nikijiona mtu mwema sana.

"Nimehakikisha kwa mwalimu wa fizikia," nikamwambia. "Kumbe hukunidanganya."

Akaniuliza:

"Kaka, na kama huyo mwalimu asingejua, mwanangu ungemzuia?"

Nilimwambia mtandao unasumbua, simsikii, nikakata simu. Mtandao ulikuwa safi kabisa.