Neno Moja Lililobaki

Nilifundisha Kifaransa sekondari hadi nikastaafu. Tangu hapo, katika Mwanza hii nzima, aliyewahi kunisalimia kwa Kifaransa barabarani ni mmoja tu, naye alikuwa ananitania. Kwa hiyo natafsiri. Watu hupanda ngazi hadi chumba changu cha Mirongo, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, wakiwa na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kutoka Burundi na Kongo. Navigeuza kuwa Kiingereza, nagonga muhuri, wanashuka. Hawakai. Watoto wangu wako mbali na hupiga simu Jumapili baada ya ibada, wakifuatana kama waliopanga foleni. Siku nyingine sita naongea na redio. Mimi ni mtu wa kubishana, na redio haibishiki.

Mwaka jana alipanda daktari. Binti mdogo, bahasha ya kaki kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama yake alikuwa Mkerewe, lakini yeye alikulia na kusomea Bujumbura. Hospitali moja ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ilikuwa imemwekea nafasi hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ila walitaka maelezo ya mafunzo yake yote yawe kwa Kiingereza, karatasi yenyewe yenye muhuri, si picha ya simu. Aliyemvuta Nansio alikuwa bibi yake mzaa mama, mgonjwa wa presha.

"Nikipata hiyo kazi nitakaa kwake," alisema. "Hana mtu."

Jioni nilikaa na karatasi zake, na kiburi changu chote kikaniishia. Externe, interne, stage, garde. Kamusi yangu ya shule ilisema externe ni mwanafunzi wa kutwa na interne ni wa bweni. Daktari mzima, nimwandikie kwamba alilala bweni! Nikampigia simu arudi.

Aliposikia habari ya bweni alicheka hadi akashika ukuta. Nilimkatiza: "Usinipe maana. Nionyeshe ulikuwa unafanya nini." Ndivyo nilivyozoea kufundisha. Akasimama katikati ya chumba akawa externe, anamfuata daktari mkubwa kitanda kwa kitanda, amekumbatia mafaili, haruhusiwi kuamua lolote. Kisha akawa interne, anayekaa hospitalini, kushika garde, yaani zamu ya usiku, na kuitwa kabla ya wengine. Kuhusu stage, yaani mafunzo ya vitendo, alinishika mkono akanihesabia mapigo ya moyo, kwa sababu ndicho alichofanya wiki yake ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amenishika mkono kwa muda mrefu vile tangu mazishi ya mume wangu. Nilitazama dirishani asinione machozi.

Basi akawa anakuja kila siku saa tisa alasiri. Kwa chai na matobolwa, vile viazi vyetu vikavu ambavyo mwanzoni alivitafuna kwa adabu tu, kisha akawa anaviomba. Kila mstari wa karatasi ulitugharimu alasiri nzima, na sikuona haraka. Siku ya tatu aliuliza, "Mama, sukari iko wapi?" Hakugundua alichosema. Mimi niligundua, na usingizi wangu wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Jumanne ya wiki ya mwisho nilimaliza asubuhi. Nikasoma tena, nikasaini, nikagonga muhuri, nikaitia karatasi kwenye droo. Saa tisa akapanda ngazi, na nilipomwona mlangoni nikajua kwamba nikimpa tu, atashuka kama wengine. Nikamwambia limebaki neno moja, lile la daraja la kufaulu: distinction.

"Mama, si lile lile tu kwa Kiingereza?"

"Usiniharakishe. Hizi ni karatasi za serikali."

Akaketi. Jumatano nikasema bado nalifikiria. Alhamisi vilevile, uso mkavu, mwanamke wa umri wangu. Nilijua Ijumaa ndiyo mwisho. Nilijiambia kwamba Ijumaa nayo ni siku.

Ijumaa alifika saa nne asubuhi. Nikasema tunywe chai kwanza. Akatazama saa. Nikakaanga mayai. Akatazama saa tena, akasema meli ya mchana huondoka saa nane, na kutoka pale hadi bandarini ni mwendo. Nikamwambia nakaribia, nikainama mezani nikajifanya naandika. Nilipofungua droo kumpa karatasi, ilikuwa imeshapita saa saba na nusu.

Aliisoma yote amesimama, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika kwenye muhuri kikasimama. Tarehe ya muhuri wangu naigeuza kila asubuhi kabla hata ya kuchemsha maji, tabia niliyobaki nayo ya shule. Ilikuwa tarehe ya Jumanne. Alitazama droo, akatazama vikombe viwili mezani, akaikunja karatasi.

"Asante, mwalimu," alisema.

Nilisikia viatu vyake vikikimbia ngazini.

Meli aliikosa. Alipofika Nansio Jumamosi, nafasi ilikuwa imeshatolewa kwa mwingine. Aliniandikia baadaye, bila neno la lawama, kwamba amepata kazi Mpanda, mbali na ziwa, na kwamba bibi amekataa kuhama kisiwani. Ujumbe ulianza na "Shikamoo, mwalimu". Nilijibu marahaba, nikaongeza pole. Nimeandika msamaha mara nyingi na kuufuta. Naona haya.

Saa tisa ikifika bado natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja. Huko Nansio kuna mwanamke mzee anayekunywa chai peke yake saa hizo hizo, na aliyemnyima mjukuu wake ni mimi.