Kokoto Nyeupe za Mlingotini

Nawasimulieni aibu yangu ya juzi kabla hamjaisikia kwa watu wa Mlingotini.

Mimi mtu wa Lugoba, pwani mgeni, ni msaidizi wa Mzungu anayechora ramani za ardhi. Zamani alikuwa nchi za baridi, akichora vilima vya mawe vilivyoachwa na barafu. Alinifundisha kwamba nikikuta mawe yasiyofanana na ardhi ya mahali, nijue yamebebwa, nitafute kilichoyabeba.

Basi nyuma ya kijiji, kwenye mchanga mtupu, nikakuta fungu la kokoto nyeupe, laini, limeota majani. Kichwa kikanivimba. Nikachora hapo mto wa kale, nikajaza kokoto mfukoni, nikaenda nyumba ya jirani kuomba maji.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mama mwenye nyumba akanipa maji. Nami, kwa kujionyesha msomi, nikazimwaga kokoto mkekani. “Hizi zililetwa na mto, bibi, kabla hajazaliwa mtu.”

Akaokota moja, akaipangusa kwa ncha ya kanga.

“Mto haukuzileta,” akasema taratibu. “Nilizibeba mimi kichwani toka Ruvu, nikazipanga juu ya kaburi la mwanangu. Nyingine umemwachia?”