Mahari Iliyoleta Mtandao Khayega

Kila mvua ikinyesha hapa Khayega mtandao ulikuwa unapotea, nikaipigia ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za simu. Ofisa akaniuliza, "Mama, mahari yako ni gani?" Mjane mzima mimi. Nikamjibu kwamba mahari yangu ililetwa kitambo, na aliyeileta nimeshamzika. Kisha nikapanda boda hadi mjini kumshtaki kwa mkubwa wake.

Mkubwa akanisikiliza, akainamisha kichwa. "Pole, mama. Lakini bila kujua mahari, fundi atafikaje?"

Ndipo nikakumbuka kwamba kwetu l na r ni ndugu. Tukacheka, mimi kuliko yeye, nikamwelekeza mahali mnara ulipo.

Fundi akaja, akatengeneza mnara. Siku hizi hata mvua inyeshe vipi, soko zima linaongea. Mahari ya kwanza ilimnufaisha baba yangu. Hii ya pili imenufaisha Khayega yote.