Ufunguo wa Lango Utalala kwa Nani?

Sifa njema zote ni za Mola aliyemfunza mwanadamu majina ya vitu kabla ya kumkabidhi dunia aiangalie. Baada ya sifa hizo, tuwapange watu wetu mahali pao. Wa kwanza ni mkalimani wa mikutano ya baraza la mji, mama wa makamo ambaye sokoni anaitwa Bi Mizani, ingawa hauzi hata kitunguu. Wa pili ni muuza nyanya, mkongwe wa soko, dada wa marehemu baba wa Bi Mizani. Waliosalia watajitokeza wenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Mizani anaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, viatu vikiwa ndani ya maji ya mvua ya jana. Paa la upande huu wa soko liling'olewa na upepo na halijarudi. Shangazi yake anafuta nyanya moja moja kwa kitambaa, na mkalimani anamjaribia maneno.

"Wataliongoza soko," anasema.

"Huongozwa kipofu. Mimi macho ninayo."

"Wataliendesha."

"Kwani lina magurudumu?"

"Watalisimamia, shangazi."

"Hilo lina afadhali. Lakini wasimamizi nawajua mimi: wao kivulini na fimbo, wengine juani na jembe."

"Basi watalitawala."

Kitambaa kinatulia mkononi. "Hilo, mwanangu, lilishatutoa ukumbini. Ukilirudia, nyanya utanunua kwa jirani."

Kisa chenyewe ni hiki. Miezi mitatu iliyopita, wageni wa kampuni moja walikuja na ahadi ya kujenga paa jipya, kwa sharti kwamba wao ndio watakaoshika mambo ya soko kwa miaka kumi. Neno lao la Kiingereza lilikuwa "govern". Bi Mizani alichukua maana ya kwanza iliyomjia kinywani, akasema "watalitawala". Wauzaji waliinuka kwa pamoja, wakajitwika vikapu, wakatoka. Mkutano ukavunjika, na masika yakawakuta chini ya maturubai.

"Neno lile ni kama nyumba yenye wapangaji wengi," anaeleza. "Mna mfalme, mna mlezi, mna hakimu, mna na bawabu. Mimi nilimtoa mfalme peke yake, nikawafungia wenzake ndani."

Tangu siku ile hapandi jukwaani kabla ya kupita sokoni. Kila neno zito hulileta kwanza kwenye kreti hii, likatukanwa, likachekwa, likageuzwa. "Kamusi ninayo na ninaiheshimu," anasema. "Ila kamusi haijawahi kunyeshewa."

Kazi hii haina mshahara. Hulipwa kwa mkutano, na mwezi mzuri una mikutano mitatu. Kodi ya nyumba hutoka kwenye cherehani, kwa kushona sare za wanafunzi.

Leo ni mkutano wa pili, na ndio wa mwisho. Ukivunjika, kampuni itapeleka paa lake mji mwingine.

Ukumbini, feni moja inazunguka na nyingine inatazama. Mtaalamu wa kampuni, kijana mpole mwenye miwani, anasimama, anaeleza mpango wake, na neno lilelile linatoka. Macho yote yanamgeukia mkalimani.

Mwenyekiti anakohoa. "Mkalimani, tunakungoja."

"Niwie radhi, Mheshimiwa. Mimi ni fundi cherehani. Sikati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo."

Anamwuliza mgeni kwa Kiingereza, kisha anawarudia wauzaji maswali yaleyale kwa Kiswahili, pasiwe na siri: ufunguo wa lango utalala kwa nani? Ushuru wa meza utapangwa na nani? Muuzaji akionewa, atamwendea nani?

"Kazi yako ni kufasiri," mwenyekiti anakunja uso, "si kuhoji."

"Ndiyo ninafasiri, baba. Jibu lake ndilo litakalonipa neno."

Mgeni hakasiriki. Anawainamia wenzake na kunong'onezana nao kwa kitambo. Yaonekana kuhusu ufunguo hata wao walikuwa hawajaafikiana. Hatimaye anajibu, tena polepole, kama mtu anayepita kwenye utelezi. Bi Mizani anavuta pumzi.

"Anasema watajenga paa, watalitunza, watazibua mitaro. Ushuru utapangwa pamoja na kamati yenu, na aliyeonewa ataanzia kwa kamati hiyohiyo. Ufunguo utalala kwenu. Wao wataliangalia soko. Hawatalimiliki wala hawatalitawala."

Mara muuza nyanya anasimama. Safu nzima ya nyuma inashika vikapu. Mkalimani anafumba macho, midomo ikicheza kwa dua.

"Mnanitolea macho ya nini?" mkongwe anauliza. "Nimesimama kunyoosha mgongo. Viti vyenu hivi, kreti yangu ina huruma zaidi."

Kicheko kinapasuka hadi meza kuu. Bibi anaketi tena, taratibu. "Iandikwe kama alivyosema mwanangu. Chumvi isiongezwe."

Mwenyekiti anaagiza iandikwe hivyo. Mikono inainuliwa kuafiki, na mlango wa ukumbi haufunguliwi mpaka mwisho.

Nje, Bi Mizani anakunywa maji na kutaja haja yake moja. "Baraza linipe hotuba siku moja kabla. Niipeleke sokoni ikasemwe vibaya huko kwanza, ili ukumbini isemwe vizuri."

Wageni wamekwenda zao. Waliobaki ni walewale, chini ya maturubai yaleyale, wakingoja paa. Mola awape subira isiyo na unyonge, awape waangalizi wanaoiogopa dhuluma, na ufunguo ule, usiku na mchana, aulaze katika mikono yenye amana. Amin.