Nilimcheka mjane aliyeuliza jivu la nyuklia litawekwa wapi

Wakuu, salamu. Mimi ni mzee, anayechapa ni mjukuu. Sitafuti sifa hapa, maana haya ni kweli tupu na yananiaibisha.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, mkoloni alitutoa mashambani kwetu Kibugu, akatubananisha kwenye kijiji cha vibanda vya nyasi, mtaro umezunguka pande zote. Kutoka ni saa moja tu kwa siku, askari nyuma yenu.

Kabla ya hapo kila mama alimwaga jivu la jikoni shambani kwake. Sasa shamba liko ng'ambo ya mtaro. Jivu likawa linarundikwa katikati ya vibanda, mara nyingine bado lina makaa ya moto.

Jirani yetu Ciarunji, mjane, alikuwa akimsihi hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na mkoloni, aruhusu shimo la jivu huko nje. Siku ya mkutano wa kijiji hedimani alishaanza kulainika.

Ila kwanza akaniita mimi, kijana msomi wa kijiji (msomi gani!), niwasomee gazeti. Uingereza wamejenga mtambo wa atomi, unatoa umeme bila kuni wala mto. Nikaeleza kwa madaha.

Ciarunji akainua mkono. "Mwana wa Nyaga, hicho kitu kikishaungua, jivu lake wanaliweka wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Mama, wewe kichwa chako kimejaa jivu tu. Hii ni sayansi!"

Kijiji kizima kikacheka, hedimani akiongoza. Shimo halikutajwa tena, na jina la Mama Jivu likamganda.

Wiki chache baadaye upepo ukapuliza lile rundo. Vibanda vitatu viliungua, cha Ciarunji kikiwemo, na mbuzi wake wa pekee ndani.

Sikumwomba msamaha. Nikahamia Meru kufundisha, naye akafa nikiwa bado najiambia nitaenda.

Sasa sikieni. Juzi hapa Nchiru, huku huku Meru, kulikuwa na kikao cha wananchi chuoni kuhusu mitambo ya nyuklia. Injinia, binti mdogo tu, akaeleza vizuri: umeme mwingi, moshi hakuna, viwanda vya kesho.

Nikasimama. "Na jivu lake mtaliweka wapi?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Keti mzae, hii si jiko ya kuni!"

Injinia hakucheka. Alisema mabaki yake hubaki hatari miaka na miaka, na hata nchi kubwa yanaziumiza kichwa. Kisha akauliza, "Mzee, swali zuri hivi umelitoa wapi?"

Wakuu, jina lilikuwa mdomoni.

Nikajibu, "Nimefikiria tu."

Wakanipigia makofi. Nimeona aibu mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba anayezoa jivu kila asubuhi anaujua moto kuliko anayesoma habari zake. Swali lilikuwa la Ciarunji wa Kibugu. Nimelisema.

Nisuteni, nastahili. Na mwenye jibu lake aliandike hapa chini, maana Ciarunji bado anadai kujibiwa.